Maziwa Yaliyosamehewa Ukaguzi

Mwanzoni mwa Septemba 2008, magazeti kadhaa ya China yaliandika habari fupi zilizofanana. Hospitali moja ya Lanzhou, mji mkuu wa mkoa wa Gansu, ilikuwa imepokea watoto wachanga 14 wenye mawe kwenye figo. Hakuna hata mmoja aliyekuwa ametimiza mwaka, na wote walikuwa wakinyweshwa maziwa ya unga ya kampuni moja. Madaktari waliijua kampuni hiyo. Waandishi waliijua pia. Wazazi ndio walioitaja wa kwanza, kwa kuwa mifuko ya maziwa ilikuwa mikononi mwao. Lakini magazeti yaliandika “kampuni fulani”, na mama aliyekuwa akimkorogea mwanawe maziwa jioni hiyo huko Henan au Hubei hakuwa na njia ya kujua kwamba habari ile ilimhusu yeye.

Tarehe 11 Septemba, gazeti la Dongfang Zaobao la Shanghai lilichapisha habari ya mwandishi wake Jian Guangzhou. Watoto walikuwa walewale 14, na ugonjwa uleule. Kilichoongezeka ni jina: Sanlu. Asubuhi ile kampuni ilikana. Kabla ya siku kuisha ilikuwa imetangaza kwamba inarudisha tani 700 za maziwa ya unga kutoka madukani. Jambo lililokuwa limefichwa kwa miezi likawa la taifa zima kwa muda wa saa chache, kwa sababu mtu mmoja alikubali kuandika neno ambalo wenzake waliogopa kushtakiwa kwalo.

Kashfa za maziwa si ngeni duniani. Mwaka 1858 gazeti la Frank Leslie lilianika yaliyokuwa yakitendeka New York: ng'ombe wagonjwa waliofungwa kando ya viwanda vya pombe, wakilishwa machicha ya moto, na maziwa yao kuuzwa mitaani kama maziwa safi ya shamba. Sheria ya kuzuia biashara hiyo ilikuja miaka minne baadaye. Kisa cha Sanlu kinauma kwa namna nyingine. China ya mwaka 2008 ilikuwa na sheria ya usafi wa chakula tangu 1995. Ilikuwa na maabara, na wakaguzi, na viwango vilivyoandikwa hadi tarakimu ya pili baada ya nukta, na mihuri ya serikali ikang'aa kwenye mifuko. Sumu ilipita katikati ya vyote hivyo. Naamini ilisaidiwa kupita na namna vilivyotumika, na ndiyo sababu kisa hiki kinastahili kusimuliwa hatua kwa hatua.

Ukiwaacha wafugaji wa nyika za kaskazini na magharibi, Wachina wengi hawakuwa wanywaji wa maziwa. Yalikuwa chakula cha wagonjwa, wazee na watoto wa mjini wenye kadi za mgao. Uchumi ulipofunguka, mambo yakageuka upesi mno. Maziwa yakawa alama ya afya na maendeleo. Yakaingia shuleni, yakaingia kwenye matangazo ya televisheni. Mwaka 2006 Waziri Mkuu Wen Jiabao alisema ndoto yake ni kuona kila Mchina, watoto kwanza, akipata nusu kilo ya maziwa kila siku. Kwa nchi ya watu zaidi ya bilioni moja, hiyo ni bahari ya maziwa, na ng'ombe wa kuitoa hawakuwepo.

Kampuni zilizokimbilia soko hilo zilikuwa chache na kubwa. Yili na Mengniu zilitoka Mongolia ya Ndani. Sanlu ilitoka Shijiazhuang, mji mkuu wa mkoa wa Hebei, kusini-magharibi mwa Beijing. Ilianza mwaka 1956 kama ushirika mdogo wa wafugaji. Tian Wenhua, mwanamke aliyesomea udaktari wa mifugo, aliingia hapo mwaka 1968 kama mfanyakazi wa kawaida, na kufikia 1987 alikuwa ndiye mkuu wa kampuni. Chini yake Sanlu ikawa muuzaji mkubwa kuliko wote wa maziwa ya unga nchini kwa miaka mfululizo. Mwishoni mwa 2005, Fonterra, ushirika mkubwa wa wafugaji wa Nyuzilandi, ulinunua asilimia 43 ya hisa zake na kupata viti vitatu kati ya saba vya bodi. Maziwa yake ya watoto yalikuwa ya bei nafuu, na bei hiyo ndiyo iliyoyafikisha vijijini, kwa familia ambazo baba na mama wamekwenda kutafuta kazi mjini na mtoto analelewa na bibi. Bibi hana ziwa la kunyonyesha. Ana mfuko wa unga, maji ya moto na chupa.

Kiwanda kilikuwa na jina kubwa, lakini ng'ombe hawakuwa wake. Walikuwa wa wakulima wadogo: huyu ana wawili, yule ana watano. Mkulima aliwapeleka kwenye kituo cha kukamulia, kilichokuwa mali ya mtu binafsi aliyenunua mashine na tangi la kupozea. Mwenye kituo alikusanya maziwa ya kijiji kizima na kuyauza kwa kampuni. Kati ya zizi na kiwanda, yule wa katikati ndiye aliyekuwa na nafasi ya kufanya lolote. Hakuwa na leseni ya maana ya kunyang'anywa, wala mkaguzi wa kumtembelea. Alichokuwa nacho ni mteja mmoja mwenye nguvu, ambaye lori likifika hupima sampuli na kusema “pokea” au “rudisha”.

Kipimo hicho kilikuwa cha protini. Maziwa mabichi yalitakiwa kuwa na angalau gramu 2.95 za protini katika kila gramu 100. Ng'ombe aliyelishwa vizuri huvuka kiwango hicho bila shida. Aliyelishwa mabua ya mahindi wakati wa joto kali huenda asikivuke, na maziwa yaliyotiwa maji hayakivuki kabisa. Mwaka 2007 bei ya chakula cha mifugo ilipanda. Januari 2008 serikali ikaweka udhibiti wa muda wa bei za vyakula kadhaa, maziwa yakiwemo, ili kupunguza makali ya maisha kwa wanunuzi wa mjini. Aliyebanwa pande zote mbili alikuwa yule wa kijijini.

Ukali wa kipimo cha protini ulikuwa na historia yake, nayo ni historia ya watoto wengine. Mwaka 2004, katika mji wa Fuyang mkoani Anhui, watoto wachanga walionekana wakivimba vichwa huku miili yao ikikonda. Walikuwa wananyweshwa maziwa ya unga ya bandia: sukari na wanga ndani ya mfuko wenye picha ya mtoto mnene, karibu bila protini yoyote. Walikufa kwa njaa huku wakishiba, zaidi ya kumi. Serikali ilikamata watu, ikafunga viwanda, na tangu hapo protini ikawa ndiyo kitu cha kwanza kuangaliwa katika maziwa ya watoto. Ilikuwa hatua ya haki. Tatizo ni kwamba kipimo kilichotumika hakikuwa kikipima protini.

Kilibuniwa mwaka 1883 na Johan Kjeldahl, mwanakemia wa maabara ya kiwanda cha bia cha Carlsberg jijini Copenhagen, aliyetaka kujua ubora wa nafaka. Njia yake ni ya akili na ya bei rahisi, ndiyo maana bado inatumika kote duniani. Chakula huchemshwa ndani ya asidi kali, kisha hupimwa naitrojeni iliyomo. Katika vyakula vya kawaida, sukari na mafuta havina naitrojeni na protini inayo. Basi ukiipata naitrojeni unaizidisha, na kwa maziwa unazidisha kwa 6.38, unapata protini. Hesabu hii inasimama juu ya imani moja, kwamba hakuna aliyeongeza naitrojeni kutoka mahali pengine. Kjeldahl hakuwa na sababu ya kuwashuku watengeneza bia waliokuwa wakijipimia nafaka yao wenyewe.

Melamini ni unga mweupe wa kiwandani. Ndiyo inayotumika kutengeneza zile sahani ngumu zisizovunjika zilizojaa majumbani mwetu na kwenye mahoteli ya barabarani, na pia gundi za mbao na plastiki za meza. Theluthi mbili ya uzito wake ni naitrojeni. Gramu moja ya melamini ikiingia kwenye kipimo cha Kjeldahl husomeka kama zaidi ya gramu nne za protini. Haina harufu ya kushtua, na ni rahisi kwa bei kuliko protini yoyote ya kweli. Mwenye kituo akitia maji kwenye maziwa, kisha akakoroga melamini kidogo, karatasi ya maabara itasema maziwa ni mazuri.

Hili halikuwa siri ya watu wawili watatu. Mwaka 2007, paka na mbwa walikufa Marekani kwa kuharibika figo, na uchunguzi ukafika kwenye unga wa protini ya ngano ulionunuliwa China, ambao ulikuwa umetiwa melamini kwa ujanja uleule. Chakula cha wanyama kilirudishwa kutoka madukani kwa mamilioni ya makopo. Njia ya kuidanganya maabara ilikuwa imeanikwa mbele ya dunia nzima, mwaka mmoja na zaidi kabla ya Lanzhou. Aliyekuwa na wajibu wa kuuliza kama melamini ingeweza kuwa imeingia na kwenye chakula cha watu, hakuuliza.

Katika kijiji kimoja cha Hebei, Zhang Yujun alikuwa akichanganya melamini na unga wa wanga na kuuza mchanganyiko huo kwa jina la “unga wa protini”. Mahakama ilikuja kueleza kwamba kati ya 2007 na Agosti 2008 alitengeneza zaidi ya tani 770. Hizo si tani za mtu aliyejificha chini ya kitanda. Ni malori, ni wafanyakazi, ni wateja wanaopiga simu. Geng Jinping, mwenye kituo cha maziwa katika wilaya ya Zhengding, alikuwa mmoja wa waliotumia unga wa namna hiyo. Kiwanda kilikuwa kimemrudishia maziwa mara kadhaa kwa kukosa kiwango, na kila lori lililorudi lilikuwa hasara yake. Alipoanza kukoroga unga, malori yakaacha kurudi. Zaidi ya tani 900 za maziwa yake yaliyochakachuliwa ziliingia viwandani.

Wenye vituo walikuwa wakidanganya kipimo. Serikali ilikuwa imekwenda mbali zaidi: kwa baadhi ya kampuni ilikuwa imeamua isipime kabisa. Idara kuu ya ukaguzi wa ubora ilikuwa na utaratibu wa kuzisamehe ukaguzi kwa miaka mitatu bidhaa za kampuni zenye sifa njema, na kuziruhusu zibandike alama ya msamaha huo kwenye mfuko. Nia ilikuwa kuwapunguzia wenye viwanda usumbufu wa wakaguzi wa kila ngazi wanaobisha hodi. Maziwa ya unga ya Sanlu yalikuwa nayo alama hiyo. Septemba 2007 televisheni ya taifa ilirusha kipindi kilichoisifu kampuni kwa kuyapitisha maziwa yake katika hatua 1,100 za ukaguzi. Kila hatua ilikuwa ya kampuni yenyewe.

Alama hiyo inaniumiza kuliko unga wa Zhang Yujun. Mwizi anajulikana ni mwizi. Mzazi asiye na maabara hununua neno la serikali pamoja na chakula; anaposoma kwamba bidhaa ni bora kiasi cha kutohitaji kukaguliwa, anaamini kuna mtu amekwisha kuangalia kwa niaba yake. Hapa alama ile ilikuwa na maana kwamba hakuna anayeangalia.

Malalamiko yalianza kuifikia Sanlu Desemba 2007. Wazazi waliandika na kupiga simu kwamba watoto wao wanalia wakikojoa, kwamba mkojo una chembe nyekundu. Baba mmoja aliyelalamika hadharani alinyamazishwa kwa katoni chache za maziwa ya bure. Mei 2008 kampuni iliunda kikundi cha kuchunguza, na sampuli zikapelekwa maabara ya nje. Majibu yalirudi tarehe 1 Agosti: kati ya sampuli 16, melamini ilipatikana katika 15.

Kwa mtu mzima anayekula vyakula vya kila namna, melamini kidogo hupita na mkojo na mambo yakaishia hapo. Mtoto wa miezi minne anakula kitu kimoja tu, mara sita au saba kwa siku, siku zote. Mwili hauivunji melamini. Unaiacha ifike kwenye figo kama ilivyoingia. Mkojo wa mtoto mchanga una asidi ya yuriki nyingi kuliko wa mtu mzima, na vitu hivyo viwili vikikutana hushikana na kuwa punje, punje zikawa mawe, mawe yakaziba njia. Wengi walipona kwa kunyweshwa maji mengi na kutibiwa mapema. Wale ambao njia zote mbili ziliziba waliacha kukojoa, na figo zikafa.

Tarehe 2 Agosti bodi ya Sanlu ilikaa. Fonterra inasema wakurugenzi wake walitaka wananchi watangaziwe. Kilichoamuliwa ni kuyarudisha maziwa kimyakimya kwa kupitia wauzaji, bila kuwaambia wanunuzi sababu. Serikali ya mji wa Shijiazhuang ilipewa taarifa siku hiyohiyo, pamoja na ombi la kampuni kwamba isaidie kuvidhibiti vyombo vya habari. Siku sita baadaye Michezo ya Olimpiki ilikuwa inafunguliwa Beijing. Taarifa ilikaa mjini na haikupanda kwenda mkoani hadi tarehe 9 Septemba. Fu Jianfeng, mhariri wa gazeti la Nanfang Zhoumo la Guangzhou, aliandika baadaye kwamba waandishi wake walikuwa na habari ya watoto wagonjwa tangu Julai, lakini hawakuweza kuichapisha kwa sababu ya Olimpiki.

Wahenga walisema mficha maradhi kilio humuumbua. Katika majuma hayo sita ya kuficha, viwanda vya Sanlu havikusimama. Mahakama iligundua kwamba tangu siku ya kikao kile hadi tarehe 12 Septemba kampuni ilitengeneza tani zipatazo 900 za maziwa ya unga yenye melamini na kuuza zaidi ya tani 800. Tian Wenhua alieleza mahakamani kwamba waliamua kuachia bidhaa zenye chini ya miligramu 10 za melamini kwa kilo, akitegemea karatasi aliyopewa kuhusu viwango vya Ulaya. Kumbuka kwamba mwenye kauli hiyo alisomea udaktari wa mifugo, na kwamba wakati huo mezani kwake kulikuwa na malalamiko ya wazazi ya miezi minane.

Aliyelifichua jambo kwa upande wa serikali hakuwa afisa wa China. Fonterra, baada ya mwezi mzima wa kuhangaika na maofisa wa mji, iliieleza serikali ya nchi yake. Waziri Mkuu Helen Clark alipata habari tarehe 5 Septemba, na tarehe 8 akaagiza Beijing ijulishwe moja kwa moja, bila kuupitia mji wala mkoa. Siku tatu baadaye gazeti la Shanghai likatoka na jina.

Yaliyofuata yalikwenda kasi kana kwamba nchi ilikuwa imetolewa kizibo. Tarehe 13 Septemba serikali kuu ilitangaza dharura ya ngazi ya juu kabisa. Wakaguzi walipima maziwa ya unga ya watoto ya kampuni 109, na tarehe 16 wakatangaza kwamba 22 kati yao zilikuwa na melamini, Yili na Mengniu zikiwemo. Sanlu iliongoza kwa miligramu 2,563 kwa kilo. Utaratibu wa kusamehe ukaguzi ulifutwa tarehe 18. Tarehe 22 Li Changjiang, mkuu wa idara ya ukaguzi wa ubora, alijiuzulu, na katibu wa chama wa Shijiazhuang akaondolewa. Hospitali zilifunguliwa kwa uchunguzi wa bure. Wazazi walipanga foleni usiku kucha na watoto mgongoni. Mwisho wa Novemba wizara ya afya ilitaja watoto 294,000 walioathirika, zaidi ya 50,000 kati yao wakiwa wamelazwa, na vifo sita vilivyohusishwa na maziwa hayo.

Nchi za nje zilifunga milango. Tanzania na Burundi zilikuwa miongoni mwa zilizopiga marufuku bidhaa za maziwa kutoka China, pamoja na nchi nyingi za Asia. Peremende, biskuti na chokoleti zilitolewa kwenye rafu katika miji ambayo haijawahi kulisikia jina la Hebei. Mwaka 2010 tume ya Codex, inayoweka viwango vya chakula vya kimataifa, iliamua kwamba maziwa ya unga ya watoto yasizidi miligramu moja ya melamini kwa kilo na vyakula vingine miligramu 2.5. Kabla ya hapo dunia haikuona haja ya kuandika kiwango cha plastiki ndani ya maziwa.

Kesi zilisikilizwa Shijiazhuang mwishoni mwa 2008, na hukumu zikasomwa tarehe 22 Januari 2009. Tian Wenhua alipewa kifungo cha maisha, ambacho baadaye kilipunguzwa. Zhang Yujun na Geng Jinping walihukumiwa kifo, wakauawa Novemba mwaka huohuo. Sanlu ilifilisika na mali zake zikanunuliwa na kampuni ya Sanyuan ya Beijing. Kati ya maofisa wa serikali waliojua tangu Agosti, waliopoteza vyeo ni kadhaa. Aliyesimama kizimbani pamoja na wenye vituo hakuwepo. Sioni uzani sawa hapo. Mwenye kituo aliyekoroga sumu alistahili adhabu kali, lakini waliokaa na majibu ya maabara majuma sita walikuwa na nafasi ya kuokoa watoto kwa tangazo moja la redio.

Sheria mpya ya usalama wa chakula ilipitishwa tarehe 28 Februari 2009 na kuanza kutumika Juni mosi. Ukiisoma ukikumbuka kisa hiki, unaona kila tundu lililozibwa. Inakataza mamlaka yoyote kusamehe chakula ukaguzi. Inataka kinachoongezwa kwenye chakula kithibitishwe kwanza kuwa ni salama na cha lazima. Inampa mnunuzi haki ya kudai fidia mara kumi ya bei. Vituo vya kukamulia vilikuwa vimekwisha kuwekewa leseni kwa kanuni za Oktoba 2008. Baadaye ikaja zamu ya kibandiko chenyewe: kanuni za mwaka 2016 zilitaka kila mchanganyiko wa maziwa ya watoto usajiliwe, kiwanda kisizidi aina tatu na michanganyiko tisa, na zikapiga marufuku maneno ya kuvutia macho kama kwamba maziwa “yametoka nje” bila kutaja yametoka wapi. Soko lililokuwa limejaa majina ya kubuni lilipukutika.

Hatua iliyozua mabishano makali zaidi ilikuwa ya mwaka 2010. Kiwango kipya cha taifa cha maziwa mabichi kilishusha protini kutoka 2.95 hadi 2.80, na kuruhusu bakteria hadi milioni mbili kwa mililita, mara nne ya kile cha zamani. Watu walikasirika: baada ya watoto kufa, viwango vinashushwa? Wengine walisema kampuni kubwa ndizo zilizojiandikia kanuni. Waliokitetea walisema wakulima wengi wadogo hawakuwa na namna ya kufikia 2.95 kwa malisho waliyonayo, na kwamba kiwango kisichofikika ndicho kilichofungua duka la Zhang Yujun. Juu ya protini nawaelewa watetezi. Maziwa hafifu yaliyoandikwa kuwa ni hafifu hayamuui mtu. Juu ya bakteria siwaelewi, kwa sababu usafi wa ndoo na ubaridi wa tangi haviko nje ya uwezo wa mwenye kituo.

Imani haikurudi kwa sheria. Julai 2010 maziwa ya unga ya mwaka 2008, yaliyotakiwa kuteketezwa, yalikamatwa tena huko Qinghai na Gansu yakiwa yanaingizwa sokoni. Wazazi wenye uwezo walianza kununua makopo ya nje, na wengi walivuka mpaka kuyafuata Hong Kong hadi wazazi wa huko wakakosa. Tarehe 1 Machi 2013 Hong Kong iliweka kikomo: msafiri asitoke na zaidi ya kilo 1.8, yaani makopo mawili, na atakayezidisha anaweza kutozwa faini ya hadi dola za Hong Kong 500,000 na kufungwa miaka miwili.

Fidia ilipangwa na kampuni zile 22 kwa pamoja: yuan 200,000 kwa familia iliyofiwa, 30,000 kwa mtoto aliyeugua sana, 2,000 kwa aliyeugua kidogo. Familia nyingi zilipokea. Baadhi zilikataa na kutaka kwenda mahakamani, na mahakama hazikuwa na hamu ya kuzipokea. Zhao Lianhai wa Beijing, ambaye mwanawe alikuwa mmoja wa wagonjwa, aliwaunganisha wazazi kwa njia ya intaneti, akakusanya majina yao na vyeti vya hospitali, akadai uchunguzi wa kudumu wa afya za watoto. Alikamatwa Novemba 2009. Mwaka mmoja baadaye alihukumiwa kifungo cha miaka miwili na nusu kwa kosa la kuvuruga utulivu, kisha akaachiwa Desemba 2010 kwa sababu za matibabu. Alichokuwa akikifanya ni kazi ya mkaguzi: kuhesabu walioumia, kuandika walikula nini, na kuuliza nani alijua lini. Serikali iliyofuta msamaha wa ukaguzi kwa kampuni ilimfunga baba aliyejipa jukumu la kukagua, na kwa jambo hili sheria yote ya 2009, pamoja na uzuri wake, haikuwa na kifungu cha kumkinga.

Kati ya fedha za kampuni, yuan milioni 200 ziliwekwa kwenye mfuko wa kulipia matibabu ya matatizo yatakayojitokeza baadaye kwa watoto waliosajiliwa, hadi watakapotimiza miaka 18. Waliozaliwa mwaka ule wa 2008 wanafikisha umri huo mwaka 2026.